Fundi Aliyetuma Ritani Mara Mbili

Kabla majirani hawajafungua madirisha, cherehani ya Mara Mbili ilikuwa imeshaanza kunguruma.

Mara Mbili si jina alilopewa na wazazi wake. Wateja ndio waliombandika. Kila mshono alioupiga, aliurudia. Ukimletea suruali iliyoachia, ataishona, ataigeuza, kisha atapita tena juu ya mshono ule ule. Ukimuuliza kwa nini, atakujibu bila kuinua macho:

"Wa kwanza ni wa kushona. Wa pili ni wa mimi kulala usingizi."

Alifanya kazi kwenye chumba cha mbele, dirisha likitazama barabara. Upande mmoja palikuwa na meza ya kukatia vitambaa. Upande wa pili palikuwa na kapu kubwa la mabaki ya nguo, na ndani ya kapu alikaa mtoto wake, mnene, mchangamfu, akitafuna kipande cha utepe. Mtoto huyo walimwita Kishikizo, maana alipozaliwa alikuwa mdogo kweli kweli, kama kifungo cha shati. Sasa alikuwa amenenepa, lakini jina lilikuwa limeshashika.

Siku hiyo Mara Mbili alikuwa anashona huku akili iko mbali. Jana yake alitembelewa na muuguzi mkuu wa wodi ya wazazi.

"Fundi, hospitali inataka gauni mpya za akina mama wanaojifungua," muuguzi alimwambia. "Nimelitaja jina lako. Kila mtu amekubali. Kimebaki kitu kimoja tu. Lete cheti cha kuonyesha kwamba mambo yako ya kodi yako sawa. Mwisho wa mwezi huu, usipite."

"Ritani nilishatuma," Mara Mbili alijibu. Ritani ni ile taarifa ya mwaka. Mtu anaiandikia ofisi ya kodi alichopata na alichotumia katika kazi yake.

"Basi cheti kiko wapi?"

Mara Mbili aliinamia cherehani yake.

Kazi ile aliitaka kwa moyo wote, na si kwa sababu ya malipo peke yake. Kishikizo alizaliwa kwenye wodi ile ile. Usiku ule Mara Mbili alivalishwa gauni iliyopasuka mgongoni kutoka shingoni hadi kiunoni. Mkono mmoja alimshika mtoto, mkono wa pili akaishika gauni isifunguke. Muuguzi alimwonea huruma, akaifunga kwa plasta ya vidonda. Asubuhi, mtoto akiwa bado hajatimiza siku, Mara Mbili aliomba sindano na uzi. Aliishona gauni ile akiwa amekaa kitandani. Aliishona mara mbili. Tangu siku hiyo alijiambia: ipo siku hakuna mama atakayesimama humu akijishika mgongo.

Sasa siku yenyewe ilikuwa imekuja mlangoni, na yeye hana cheti.

"Wasiwasi wa nini, mwanangu?" alisema mama mkwe, akiingia na kikombe cha chai. "Tulituma posta. Kwa rejista. Risiti ninazo."

Mama huyu alikuwa mjane wa mpeleka barua. Maisha yake yote aliishi na bahasha, stempu na mihuri. Kwake yeye, jambo lisilopigwa mhuri lilikuwa bado halijatokea. Ndiye aliyetunza funguo zote za nyumba, vyeti vyote na risiti zote, ndani ya kopo la biskuti lililokaa chini ya kitanda chake.

"Risiti tunazo, mama. Jibu ndilo hatuna."

"Barua hupotea. Si ndiyo maana tukatuma ya pili?"

"Na ya pili pia kimya."

"Basi tuma ya tatu!"

Mara Mbili alitazama mezani. Bahasha ya tatu ilikuwa pale, imeshabandikwa stempu. Yeye na mkwewe walikuwa wamefikiri jambo moja.

Hodi ikabishwa mlangoni. Aliingia jirani wa ghorofa ya juu, mpangaji ambaye hakuwa na muda mrefu katika nyumba ile. Watu walimwita Dada wa Juu. Alikuwa amekumbatia sketi ya bluu.

"Fundi, niokoe. Sketi ya kazini imenikataa. Nadhani imerudi kwenye maji."

Mara Mbili alimtazama tumboni, akatabasamu.

"Sketi haijarudi popote, dada. Wewe ndiye unayekwenda mbele."

Dada wa Juu aliangua kicheko. "Kumbe linaonekana! Na mimi nimewaambia wenzangu kazini ni mikate ya mume wako."

"Mume wangu mikate yake inavimbisha mashavu, si tumbo. Hongera sana. Panda hapa."

Dada wa Juu alivaa sketi yake, akapanda juu ya kigoda. Mara Mbili alipiga magoti, akaanza kuweka pini kiunoni. Akiwa chini pale, aliona vidole vya jirani yake. Viwili vilikuwa na plasta.

"Unafanya kazi jikoni?"

"Afadhali jikoni. Niko ofisi ya kodi. Chumba cha barua. Nafungua bahasha kutwa. Karatasi inakata kuliko kisu, usione hivi."

Mkono wa Mara Mbili ulisimama hewani na pini yake. Mama mkwe naye akaweka kikombe chini.

"Ofisi ya kodi?" wote wawili walisema kwa pamoja.

"Jamani, taratibu na hizo pini! Ndiyo. Kwani vipi?"

Mara Mbili akamweleza yote, kuanzia gauni na muuguzi hadi mwisho wa mwezi. Alimweleza jinsi alivyotuma ritani mapema, ndani ya muda. Jibu lilipochelewa, alikumbuka kwamba hakuandika mapazia aliyoishonea shule moja. Akajaza fomu mpya, akaongeza mapazia, akatuma tena.

"Sikutaka kuficha kitu," alisema. "Nilisahau tu. Nikaona nitume iliyo sahihi."

"Na kwenye hiyo ya pili ulieleza kwamba unarekebisha ya kwanza?"

"Hapana. Nilijaza tu, kama ile ya mwanzo."

"Na ile bahasha pale mezani?"

Mara Mbili alitazama chini. "Ya tatu."

"Ya tatu!" Dada wa Juu alitaka kuruka kutoka kwenye kigoda. "Aaah! Pini!"

"Samahani, samahani dada yangu! Usitikisike."

"Nimejichoma mwenyewe. Sikiliza, fundi. Bahasha hiyo usiipeleke posta. Nakuomba."

Mama mkwe alikunja uso. "Mwanangu, unataka kusema posta ni mbaya?"

"Hapana, mama. Posta si mbaya hata kidogo. Ofisi yetu bado inapokea karatasi. Kuna watu hawana simu nzuri, hawana mtandao, na karatasi yao ina haki sawa na nyingine. Ila karatasi ina safari ndefu. Bahasha inafika. Mimi naifungua. Mwenzangu anaipiga mhuri. Mwingine anaisoma, anaingiza tarakimu zako kwenye kompyuta, moja moja, kwa mkono. Ukiandika saba inayofanana na moja, anasimama. Ukisahau sahihi, anasimama. Na sisi watu wa chumba cha barua tuko wachache, bahasha zimejaa hadi dirishani."

"Kwa hiyo yangu haikupotea?"

"Siwezi kujua. Lakini nadhani zote mbili zimefika. Na hapo ndipo palipo na tatizo." Akafikiri kidogo, akitafuta maneno. "Wewe unashona mara mbili ili iweje?"

"Mshono wa pili unaukaza wa kwanza."

"Basi kwenye kodi mambo yako kinyume. Ritani ya pili haiikazi ya kwanza. Zinakutana mezani, zinatazamana. Moja haina mapazia, moja ina mapazia. Ofisi inajiuliza, tuamini ipi? Inaziweka kando zote mpaka mtu azichunguze. Na cheti hakitoki."

Mara Mbili alikaa chini sakafuni, pini mdomoni. Alizitoa moja moja, akazichoma kwenye kifuko cha pini.

"Kumbe nimejifungia mlango mwenyewe," alisema kwa sauti ndogo.

"Hujafunga kitu. Umekosea kama mtu mwangalifu. Makosa hayo yanarekebishika."

"Basi dada yangu, ukifika kazini, si ulichomoe tu faili langu? Ulisukume mbele kidogo? Sketi hii nitakushonea bure. Na nyingine ya kujifungulia nitakushonea."

Dada wa Juu alitikisa kichwa, kwa upole.

"Faili lako sitaligusa. Wewe ni jirani yangu, na ofisini haturuhusiwi kushughulikia mambo ya watu tunaowajua. Na sketi nitailipia, kama kila mteja. Lakini kukueleza, hiyo ni haki yako, hata ungekuwa mtu wa barabarani. Una simu yenye mtandao?"

"Ninayo."

"Namba ya simu ni yako mwenyewe?"

"Yangu."

"Basi fungua akaunti kwenye tovuti ya ofisi ya kodi. Anwani yake imechapwa kwenye fomu yenyewe. Iandike kama ilivyo, usifuate kiungo unachotumiwa na mtu usiyemjua. Ukiingia, utaona mwenyewe ritani yako iko wapi. Utaona pia mahali pameandikwa 'rekebisha'. Hapo ndipo unaposema: niliyotuma kwanza ilikuwa na upungufu, hii ndiyo sahihi. Kompyuta itajumlisha. Ukiacha nafasi wazi, itakwambia. Ukituma, inakupa namba ya kupokelewa hapo hapo."

"Na mhuri?" mama mkwe aliuliza.

"Namba hiyo ndiyo mhuri wenyewe, mama."

"Mhuri usiochafua kidole! Huo ni mhuri gani?"

Dada wa Juu alicheka mpaka akashika kiuno. "Lakini mama, nikwambie jambo. Zile risiti za rejista unazo kweli?"

"Mimi? Nipoteze risiti?"

"Basi umemsaidia mkweo kuliko unavyojua. Zinaonyesha kwamba alituma ndani ya muda. Zitunze. Huenda akaulizwa."

Mama mkwe alinyanyua kidevu, akanyoosha kanga yake vizuri mabegani.

Mara Mbili alimsaidia jirani yake kushuka kwenye kigoda. Mlangoni, Dada wa Juu aligeuka.

"Fundi, hiyo mara mbili yako usiitupe. Iweke mahali pake. Soma mara mbili, tuma mara moja."

Jumamosi mchana mume wa Mara Mbili alirudi kutoka kwenye tanuri la mikate, unga bado umo kwenye nyusi. Alinawa, akamchukua Kishikizo, akaketi karibu na mkewe. Mama mkwe alivuta kiti na kopo lake la biskuti. Simu ikawekwa katikati ya meza ya kukatia, kama mgonjwa anayezungukwa na ndugu.

Mara Mbili aliiandika anwani ya tovuti, herufi kwa herufi. Aliweka namba yake ya mlipakodi na namba yake ya simu. Ujumbe mfupi ukaingia, una tarakimu za kuthibitisha. Akaziingiza. Kisha tovuti ikamwomba atunge neno la siri.

"Weka jina la mtoto!" mumewe alisema kwa sauti kubwa.

"Baba Kishikizo, umelisema mpaka kinyozi wa ng'ambo ya barabara amesikia. Siri gani tena hiyo?"

"Basi tunga gumu," alisema mama mkwe. "Halafu niambie mimi, niliweke kwenye kopo. Funguo zote si ninazo mimi?"

Mara Mbili hakuwa amezoea kumkatalia mkwewe. Alimpenda, na alimheshimu. Lakini alikumbuka alichosoma kwenye tovuti ile: neno la siri asipewe mtu yeyote, hata anayekusaidia.

"Mama," alisema polepole, "funguo zote unazo, na nyumba imekaa salama kwa sababu yako. Huu mmoja naomba niubebe mimi. Jina lililoandikwa humu ni langu. Kikiharibika kitu, nitakayejibu ni mimi."

Mama mkwe alimtazama. Kisha akageuza kiti chake, akaupa ukuta uso.

"Haya, andika. Sitazami. Na wewe baba, geuka! Unangoja nini?"

Mume aligeuka, akamgeuza na Kishikizo pia. Mara Mbili alitunga neno lake la siri huku familia nzima imempa mgongo, akijizuia kucheka.

Akaunti ikafunguka. Akaona jina lake. Chini yake pameandikwa ritani ya mwaka jana imepokelewa, lakini imesimamishwa kwa sababu kuna mbili zisizolingana.

"Zilifika!" mama mkwe alipiga kofi. "Sikuwaambia? Posta haijanipotezea barua tangu niolewe!"

Mara Mbili alibonyeza palipoandikwa "rekebisha". Alijaza mapato ya kushona. Aliongeza mapazia ya shule. Alijaza gharama zake: vitambaa, uzi, sindano, na matengenezo ya cherehani. Kwenye kisanduku cha maelezo aliandika kwa maneno yake mwenyewe: "Ritani ya kwanza nilisahau kazi moja. Nikatuma ya pili kwa posta bila kueleza. Naomba mchukue hii." Akapiga picha risiti za rejista, akaziambatisha.

Kisha akasoma yote tangu mwanzo. Yalikuwa sawa.

Akasoma tena. Safari hii kidole chake kilisimama kwenye gharama za uzi.

"Mungu wangu. Nimeweka sifuri moja zaidi. Uzi huu ungetosha kushonea pazia la mji mzima!"

"Na kompyuta haikukwambia?" mumewe aliuliza.

"Yenyewe inajua kujumlisha. Nimenunua uzi kiasi gani, itajuaje?"

Alirekebisha. Akavuta pumzi. Akabonyeza "tuma".

Kioo kikatulia. Hakuna kilichosogea. Kiduara kidogo kilizunguka, kikazunguka. Kidole cha Mara Mbili kilianza kuwasha. Kila kitu ndani yake kilimwambia abonyeze tena. Mara moja tu ya ziada, ya kukaza, ya kulala usingizi. Kidole kikashuka.

Mumewe aliudaka mkono wake kabla haujafika kwenye kioo. Mkono wa mwoka mikate, wa moto na mkavu.

"Mara moja, mke wangu."

"Na kama haikwenda?"

"Tutangoja. Isipokwenda tutauliza. Lakini hatubonyezi."

Walingoja hivyo, wameshikana mikono kama wachumba. Kisha kioo kikabadilika rangi. Yakatokea maneno: ritani imepokelewa. Chini yake, namba ndefu.

Mama mkwe aliinua miwani, akaisoma namba yote kwa sauti. Halafu akafungua kopo la biskuti.

"Iandike kwenye karatasi," aliamuru. "Hiyo siyo siri. Hiyo inakaa humu."

Ofisi ya kodi ilimpigia simu Mara Mbili baadaye, ikamuuliza maswali machache kuhusu yale mapazia na zile tarehe za posta. Alijibu ukweli, na risiti zikajibu yaliyobaki. Hakutozwa faini ya kuchelewa. Siku moja, akiwa anakata kola, simu ililia. Cheti kilikuwa tayari ndani ya akaunti yake. Mumewe alikwenda kukichapa, akarudi anakimbia, na mwezi ulikuwa bado haujaisha. Muuguzi mkuu alikisoma cheti, akampa Mara Mbili mkono.

"Anza kukata vitambaa, fundi."

Ile bahasha ya tatu mama mkwe hakukubali itupwe, maana stempu yake ilikuwa nzima. Alitoa fomu, akaibandua stempu kwa mvuke wa chai, akaitumia kumwandikia dada yake barua ya kurasa nne. "Watu wa kwetu," alisema, "nitawaambiaje habari hizi bila posta?" Na wapangaji wengine walipoanza kumjia Mara Mbili na maswali ya kodi, aliwaeleza vile alivyoelezwa. Mtu akimwambia hana simu ya mtandao, mama mkwe aliidaka zamu hiyo: tuma mapema, weka sahihi, baki na nakala, tumia rejista, tunza risiti, na ukituma usirudie bila kuuliza.

Dada wa Juu aliilipia sketi yake yote, kama alivyosema. Kila Mara Mbili alipojaribu kumpunguzia, alikataa. Jambo hilo lilimkaa fundi rohoni. Utamshukuruje mtu asiyepokea?

Alizishona gauni za wodi kwa pamba laini, zinafunguka mbele kwa ajili ya kunyonyesha, na mgongo mzima umefungwa.

Siku moja alikuwa wodini anakabidhi mzigo. Karibu na dirisha aliona mtu anayemfahamu, amechoka, anang'aa, na kitu kidogo kimelala kifuani pake.

"Dada wa Juu!"

"Fundi! Njoo uone mkate wenyewe."

Mara Mbili aliinama juu ya mtoto. Machozi yalimjia, akayaacha yashuke. Dada wa Juu naye alikuwa ameushika upindo wa gauni yake. Aliugeuza ndani nje, akapitisha kidole chenye plasta juu ya mshono.

"Mara mbili?"

"Mara mbili."

"Nilikwambia sipokei zawadi."

"Sikukupa wewe. Wamepewa wote humu ndani."

Dada wa Juu alimtazama, kisha akaangaza macho wodi nzima. Kitanda hadi kitanda, akina mama walikuwa wamevaa gauni zile zile. Alicheka kwa sauti. Mtoto aliamka, akalia, na mama yake akanyanyuka kumbembeleza kwa mikono yote miwili, hana haja ya kujishika mgongo.